Deni la Walio Hai kwa Wafu

Siku moja, nilipokuwa nikifundisha somo la historia, niliwasimulia wanafunzi wangu habari za watu wanaotoka Marekani, Kanada na Australia, wakavuka bahari kwa gharama kubwa, wakaenda Ayalandi kutafuta jina moja katika kitabu cha ubatizo cha kanisa dogo la mashambani. Niliwaambia kuwa aghalabu jina lenyewe ni la mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mtu ambaye hakuacha nyumba wala ng'ombe, na pengine hakujua hata kuandika. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, mtu huyo akishalipata jina, atalifanyia nini? Jina la babu haliliwi." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka pamoja nao, lakini jibu nililompa siku ile lilikuwa la haraka, wala halikuniridhisha. Insha hii ni jaribio la kumjibu kwa utulivu.

Swali lake si dogo. Ndani yake mna swali jingine ambalo kila kizazi hakina budi kulijibu: Je, walio hai wana deni lolote kwa wafu ambao hawakuwajua? Na ikiwa deni lipo, hulipwa kwa sarafu gani? Nimechagua mfano wa Waayalandi kwa kuwa katika habari zao mtu huona bayana jinsi wanyonge wanavyoandikwa, jinsi wanavyosahauliwa, na jinsi ilivyo kazi kubwa kuwarudisha katika kumbukumbu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini watu hao walihama. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1841, Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini wengi, hasa wa upande wa magharibi, walilima vipande vidogo vya ardhi isiyokuwa yao. Nafaka na mifugo vilikwenda kulipa kodi ya bwana wa shamba. Wao wenyewe waliishi kwa viazi. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa kuozesha viazi, na mwaka 1846 karibu mavuno yote yakaharibika. Njaa ile iliendelea hadi mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaikimbia nchi. Merikebu zilizowachukua zilijaa watu waliokwisha kudhoofika, na homa ikawamaliza wengi njiani. Katika kisiwa cha Grosse Île nchini Kanada, penye kituo cha karantini, walizikwa watu zaidi ya 5,000 katika mwaka mmoja tu wa 1847.

Hata baada ya njaa kwisha, kuhama hakukukoma. Kaka alitangulia, akafanya kazi, akatuma nauli ya dada. Dada naye akamwita mdogo wake. Usiku wa kuamkia safari jamaa na majirani walikesha nyumbani kwa msafiri kama watu wanavyokesha penye maiti. Kesha hilo liliitwa matanga ya Marekani. Mama alimlilia mwana aliye hai na mwenye afya, kwa kuwa alijua kwamba hapana matumaini ya kuonana naye tena duniani.

Sasa tutazame jinsi mjukuu anavyomtafuta mtu aliyeondoka kwa namna hiyo. Mtafutaji mwenye busara huanza nyumbani. Huwauliza wazee, hufungua sanduku la barua kuukuu, husoma majina yaliyoandikwa nyuma ya picha na ndani ya jalada la Biblia ya ukoo. Kisha huviendea vyeti vya ndoa na vya vifo katika nchi aliyohamia mzee wake. Kama mzee alifikia New York, yamkini jina lake limo katika vitabu vya Emigrant Savings Bank, benki ya akiba iliyofunguliwa mwaka 1850. Makarani wa benki hiyo walitaka kumtambua mwenye fedha hata kama hajui kusoma. Kwa hiyo walimwuliza alizaliwa wapi, alikuja kwa merikebu gani, wazazi wake ni nani na ndugu zake wako wapi. Maswali yaliyokusudiwa kumzuia mwizi yamekuwa leo hazina ya wajukuu.

Jambo atafutalo mjukuu kuliko yote ni jina la parokia, na bora zaidi jina la kitongoji. Kumtafuta Mary Murphy katika Ayalandi nzima bila kujua parokia yake ni sawa na kumtafuta Fatuma Ali katika Pwani nzima kwa jina hilo tu. Akiisha kuijua parokia, hufungua kitabu cha ubatizo. Humo padre aliandika mambo machache: tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo aliozaliwa, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mistari hiyo ni mifupi, na mwandiko mara nyingi ni mbaya. Katika sehemu nyingi za magharibi vitabu havianzi kabla ya miaka ya 1820. Zaidi ya hayo, mtoto mmoja aliweza kuwa na majina matatu: nyumbani mama yake alimwita Séamus kwa Kiayalandi, padre akamwandika Jacobus kwa Kilatini, karani wa serikali akamwita James kwa Kiingereza. Mtu ni yule yule, lakini asiyejua hayo atawahesabu kuwa watu watatu, au atampita asimwone.

Desturi ya kurithisha majina humsaidia mtafutaji kidogo. Waayalandi wengi walimpa mwana wa kwanza jina la babu yake mzaa baba, na mwana wa pili jina la babu yake mzaa mama. Msomaji aliyezaliwa katika jamii ya Wakikuyu ataona kuwa desturi hiyo haimwii ngeni, kwa maana wazee wake nao huwapa wana wao majina kwa utaratibu huo huo. Kwa desturi ya namna hiyo, jina la mtoto ni kama kidole kinachoelekeza nyuma kwa mzee asiyeandikwa popote. Lakini desturi si sheria, na kidole huweza kuelekeza pasipo mtu.

Mwaka 2015 maktaba ya taifa ya Ayalandi iliweka picha za vitabu vya parokia zaidi ya 1,000 katika intaneti, kila mtu avisome bila malipo. Ni neema kubwa. Hata hivyo, mengi hayatapatikana. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin ililipuka na kuungua. Mabaki ya karatasi yalirushwa na upepo yakaanguka juu ya mji. Karibu hesabu zote za watu za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea, pamoja na wosia nyingi na vitabu vingi vya kanisa la Kianglikana. Wala msifikiri kuwa moto ndio mharibifu peke yake. Hesabu za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita viliteketeza kwa hasira. Ofisi iliangamiza kwa kudhani kuwa majina ya watu wadogo, yakishahesabiwa, hayana kazi tena. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Hapa narudi kwa kijana wangu, kwa sababu hoja yake ina nguvu. Anasema kwa hakika: wafu hawali wala hawavai. Wenye njaa leo ni wengi. Kwa nini fedha na siku za mtu zitumike kumtafuta asiyeweza kushukuru? Na mwingine ataongeza: kutafuta asili huzaa majivuno. Mtu akishajua kuwa babu yake alikuwa mkuu, huanza kumdharau jirani ambaye babu yake hajulikani. Tumekwisha kuona katika nchi nyingi damu ikimwagwa kwa sababu ya watu kuhesabiana mababu.

Hoja ya kwanza naijibu hivi. Katika mji wa Boston kulikuwa na gazeti lililoitwa The Pilot. Tangu mwaka 1831 hadi 1921 gazeti hilo lilichapisha matangazo ya Waayalandi waliokuwa wakitafutana. Tangazo lilitaja jina la aliyepotea, parokia aliyozaliwa, wakati alipoondoka, bandari aliyofikia, kazi yake na mahali aliposikiwa mara ya mwisho. Kisha likataja anayemtafuta, awe mke, ndugu au mzazi. Maelfu ya maswali hayo yalitolewa, na mengi yalitoka kwa watu waliokuwa na fedha kidogo sana. Tuseme mama aliuliza mwanawe yuko wapi, akafa bila ya kujibiwa. Je, swali lake lilikufa pamoja naye? Nathubutu kusema kwamba halikufa. Lilibaki limeandikwa, likingoja mtu wa kulijibu. Mjukuu anayekaa na kitabu cha ubatizo hii leo hakubuni kazi mpya. Ameipokea kazi iliyoachwa nusu na mtu aliyelia. Ni kweli kwamba mfu hafaidiki. Lakini deni haliwi deni kwa sababu anayedai ataneemeka. Huwa deni kwa sababu anayedaiwa alipokea kitu. Aliyepokea uhai kutoka kwa watu waliovuka bahari kwa taabu ile amepokea kitu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naikubali nusu yake. Wahenga wetu walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Lakini mtu aweza pia kuwa mtumwa wa asili ya uongo, aliyoishona mwenyewe kama kanzu ya sikukuu. Dawa ya majivuno haya ni ukweli wenyewe. Anayetafuta kwa uaminifu hamfikii mfalme mara nyingi. Humfikia kibarua aliyetia alama ya msalaba mahali pa sahihi, mjane aliyeingia nyumba ya maskini, au mtoto aliyeandikwa mara moja siku ya ubatizo asionekane tena. Mbele ya mistari hiyo, kiburi hakina pa kukaa.

Tazama mfano huu. Tarehe 1 Januari 1892 kilifunguliwa kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana kutoka Cork, jina lake Annie Moore, aliyekuja na wadogo zake wawili wa kiume. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola kumi, na jina lake likaingia katika historia. Baadaye jamaa mmoja wa Texas waliamini kwamba nyanya yao, aliyekuwa na jina hilo hilo na ambaye aligongwa na gari la reli za mjini mwaka 1923, ndiye msichana yule. Watu wakaamini pamoja nao, hadithi ikasimuliwa kwa miaka mingi, na jamaa wale wakapewa heshima. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak, kwa msaada wa wengine, alionyesha kwa hati kuwa mwanamke wa Texas alizaliwa Illinois, nchini Marekani kwenyewe. Hakupata kuvuka bahari. Annie Moore wa kweli alibaki New York. Aliishi katika mtaa wa maskini, akaolewa, akazaa watoto zaidi ya kumi, na wengi wao hawakufikia utu uzima. Alikufa mwaka 1924, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe. Jiwe likawekwa mwaka 2008.

Jamaa wa Texas hawakukusudia ubaya. Walipenda nyanya yao, na walipenda hadithi njema. Hata hivyo, heshima ilipokuwa ikitolewa kwa asiyestahili, mwenyewe alikuwa amelala bila hata jina juu ya kichwa chake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba uongo usiokusudiwa nao hudhulumu. Nikafahamu pia kwamba wafu hawana njia ya kujitetea. Aliye hai ukimsingizia atakupeleka mahakamani. Mfu hana mahakama isipokuwa uaminifu wa mtu anayeandika habari zake.

Na uaminifu huo sharti uwe na pande mbili. Anayekubali kumpokea babu aliyedhulumiwa hana budi kumpokea na babu aliyedhulumu, ikiwa hati zitamwonyesha. Julai 1863 mjini New York kulizuka ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini. Wengi wa waliofanya ghasia hizo walikuwa Waayalandi, baadhi yao wakiwa wametoka katika njaa ile ile. Waliwaua watu weusi mitaani, na wakatia moto nyumba ya mayatima weusi, ambao waliokoka kwa shida. Mjukuu anayepeleka maua kwenye kaburi la Grosse Île, na kuugeuza uso wake asiione New York ya 1863, hatafuti mababu, anatafuta sifa. Kuteseka hakumfanyi mtu kuwa mwema. Humpa tu sababu zaidi ya kuwa mwema, na yeye ndiye huchagua.

Wapo waliochagua vyema. Mwaka 1847 Wachoctaw, kabila la wenyeji wa Marekani waliofukuzwa kutoka nchi ya wazee wao miaka michache tu iliyotangulia, walisikia habari za njaa ya Ayalandi. Wakiwa maskini wenyewe, walichanga dola 170 wakazipeleka. Mchango huo uliandikwa, na kwa kuwa uliandikwa haukusahauliwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipowashika vibaya Wanavajo na Wahopi, watu wengi wa Ayalandi waliwachangia fedha, wakitaja hisani ya 1847. Waliolipa hawakuwa waliopokea, na waliolipwa hawakuwa waliotoa. Lakini deni lilitambuliwa, likalipwa kwa mwenye shida aliyekuwa hai. Kijana wangu aliuliza kwa nini tusiwashughulikie walio hai. Nadhani hapa pana jibu: mara nyingi anayewakumbuka wafu kwa kweli ndiye anayewaona walio hai. Mtu aliyesoma kwa macho yake kwamba mama wa bibi yake alishuka kutoka merikebu akiwa na homa, njaa na nguo moja, hawezi kwa urahisi kumfungia mlango mgeni anayebisha hodi leo katika hali hiyo hiyo. Na akimfungia, basi alilisoma jina lakini hakumsoma mtu.

Basi sarafu ya kulipia deni hili ni kweli. Hulipwa kwa kuandika jina kama lilivyokuwa, kwa kukiri aibu pamoja na sifa, na kwa kukoma pale hati zinapokoma. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mtu amesafiri mbali. Amefika mwaka 1829. Kitabu hakiendelei nyuma zaidi. Katika parokia jirani lipo jina linalofanana na lile analolitafuta. Ni rahisi sana kulichukua! Lakini jina hilo ni la mtu mwingine, mwenye wazazi wengine na pengine wajukuu wengine. Kukiacha chumba kitupu nyumbani mwako ni bora kuliko kumweka ndani yake mfu wa watu. Asemaye "hapa sijui" amewaheshimu wafu kuliko asemaye hadithi nzuri.

Nanyi wasomaji vijana msidhani kuwa haya ni ya Waayalandi pekee, au ni ya wenye fedha za kusafiria. Waulizeni wazee wenu mngali nao, nanyi andikeni majibu yao pamoja na tarehe, bila kuyapamba. Na mtakapokuwa makarani, wauguzi, makatibu wa vyama na walimu, kumbukeni kwamba kila daftari mtakaloandika litakuwa kitabu cha ubatizo cha mtu fulani ambaye hajazaliwa bado. Padre wa magharibi ya Ayalandi, aliyeandika kwa mwanga hafifu baada ya siku ndefu, hakujua kwamba mtu wa mbali angevuka bahari kuja kuusoma mwandiko wake. Aliandika tu kwa kuwa ilikuwa kazi yake, na pale alipoandika vizuri alimrudishia mtu ukoo mzima.

Asubuhi iliyofuata baada ya somo lile nilikuwa nikiita majina darasani. Nilipofika kwa kijana yule wa nyuma nilisita, nikamwuliza kama jina la babu yake limeandikwa sawasawa katika daftari langu. Alisimama, akaona haya kidogo, akasema, "Hapana, mwalimu. Herufi moja imekosewa tangu muhula wa kwanza." Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba hakudhani lina maana. Nikachukua kalamu ya wino, nikalisahihisha mbele yake.